Safari ndefu kwa gari la umeme katika Ushoroba wa Kaskazini: mwongozo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

Gari la umeme linaweza kutoka Mombasa hadi Kigali kwa magurudumu yake lenyewe. Swali la mfanyabiashara si kama litafika, bali litafika lini na kwa gharama gani. Njia hiyo ya kilomita zipatazo 1,660, inayopitia Nairobi, Malaba na Kampala, ina soketi ya umeme karibu katika kila kituo cha biashara. Lakini vituo vya kuchaji haraka vimejikusanya katika miji mikubwa. Pengo kati ya soketi ya kawaida na chaja ya haraka ndilo linaloamua kama safari italeta faida au hasara.

Makala haya yanaeleza namna ya kupiga hesabu ya safari kabla ya kuondoka, mambo ya kuangalia njiani na mpakani, na ni safari zipi ambazo gari la umeme linafaa zaidi kuliko la petroli.

Uniti ndiyo lita

Mafuta hupimwa kwa lita, na umeme wa gari hupimwa kwa kilowati-saa. Hii ni ile ile uniti ambayo mteja hununua kwa tokeni nchini Kenya, LUKU Tanzania, Yaka Uganda na Cash Power Rwanda. Ukubwa wa betri ya gari hutajwa kwa uniti hizo. Gari dogo lililotumika kutoka Japan, kama Nissan Leaf, lilitoka kiwandani na betri ya uniti 24, 30, 40 au 62 kutegemea mwaka na toleo. Magari mapya ya ukubwa wa kati mengi huwa na betri ya uniti 50 hadi 80.

Gari la kawaida la abiria hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100. Katika makala haya kimetumika kiwango cha uniti 18.

Namba ya muuzaji na namba ya barabarani

Umbali anaoutaja muuzaji hupimwa katika mazingira ya maabara, na betri ikiwa mpya. Msafirishaji apunguze mambo mawili kabla ya kupanga safari.

La kwanza ni uchakavu wa betri. Betri hupoteza uwezo kwa umri, kwa joto na kwa wingi wa kuchajiwa. Kwenye Nissan Leaf, dashibodi huonyesha vijiti 12 vya afya ya betri, mbali na vile vya chaji. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imepungua kwa takriban asilimia 15. Anayenunua gari lililotumika aangalie vijiti hivyo kabla ya kuangalia kilomita zilizotembea.

La pili ni akiba. Hakuna dereva wa lori anayepanga kufika kwenye kituo cha mafuta na tone la mwisho. Kwa umeme, akiba ya asilimia 20 ni ya lazima, kwa sababu soketi inayotegemewa inaweza kukutwa haina umeme.

Mfano: Leaf ya uniti 40 yenye afya ya asilimia 85 ina uniti 34. Ukitoa akiba, zinabaki 27, sawa na kilomita 150 za tambarare. Gari la uniti 64 ambalo bado ni zima lina uniti 51 za kutumia, sawa na kilomita 280 hivi.

Mlima una bei yake

Ramani huonyesha kilomita, haionyeshi kupanda. Katika Ushoroba wa Kaskazini, kupanda ndiko kunakowashangaza wengi.

Mombasa iko usawa wa bahari na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake. Kuinua gari la tani mbili kwa kimo hicho kunahitaji uniti 9 hadi 10 zaidi ya zile za kwenda tu. Kwa kilomita 487, gari lingetumia uniti 88 kama barabara ingekuwa tambarare. Kwa kupanda, linahitaji karibu 97.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Katika mteremko, mota ya gari la umeme hufanya kazi kama jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kiasi kinachorudi ni pungufu ya kilichotumika kupanda, lakini Nairobi kwenda Mombasa inaweza kuokoa uniti 15 hivi ukilinganisha na Mombasa kwenda Nairobi. Hizo ni zaidi ya kilomita 80. Kwa hiyo hesabu ya kwenda isitumike kwa kurudi.

Baada ya Nairobi, barabara hupanda hadi ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Limuru, hushuka Naivasha, kisha kutoka Nakuru hupanda tena hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kipande cha Nakuru hadi Timboroa peke yake hula uniti 4 hadi 5 za ziada. Kuanzia Eldoret hadi Malaba barabara hushuka kwa jumla, na hapo gari hutumia umeme kidogo kuliko kawaida.

Jambo moja la kukumbuka: betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kupokea umeme wa mteremko. Anayelala mahali pa juu na kuanza safari kwa kushuka, achaji hadi asilimia 90 tu. Ataokoa umeme, na breki hazitachoka.

Mwendo, mzigo na foleni

Upinzani wa hewa huongezeka haraka kuliko mwendo. Gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa linaweza kutumia theluthi moja zaidi ya lile linalokwenda 80. Dereva akiona chaji inapungua kuliko alivyotarajia, dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo, kabla ya kuzima kiyoyozi.

Mzigo hauna athari kubwa kwenye tambarare. Kilo 300 za bidhaa kutoka Mombasa hadi Nairobi huongeza uniti moja na nusu hivi kwa ajili ya kupanda. Mzigo uliofungwa juu ya paa ni jambo jingine, kwa kuwa hukamata upepo na kula umeme njia nzima.

Foleni, ambayo ni adui wa gari la mafuta, si tatizo kubwa kwa gari la umeme. Likisimama, mota haitumii kitu. Kiyoyozi hula uniti 1 hadi 2 kwa saa katika joto kali. Foleni ya saa nne Malaba bila kiyoyozi haitapunguza chaji kwa kiasi cha kuogopesha.

Aina tatu za kuchaji

Hapa ndipo muda wa safari unapoamuliwa.

Soketi ya kawaida ya nyumbani. Hutoa kilowati 2 na ushei. Usiku wa saa 10 huingiza uniti 20 hivi kwenye betri, sawa na kilomita 110.

Chaja ya ukutani. Hutoa kilowati 7 kwa umeme wa njia moja, na 11 au 22 kwa umeme wa njia tatu. Usiku mmoja hutosha kujaza betri ya magari mengi.

Chaja ya haraka. Hutoa kilowati 50 au zaidi na hupeleka umeme moja kwa moja kwenye betri. Gari la uniti 64 hutoka asilimia 20 hadi 80 kwa muda wa saa moja hivi. Baada ya asilimia 80 kasi hushuka sana, na kusubiri ijae ni kupoteza muda, isipokuwa kama kipande kinachofuata ni kirefu.

Wengi hawajui kuwa kwa aina mbili za kwanza, anayeamua kasi ni chaja iliyo ndani ya gari lenyewe. Leaf nyingi zilizouzwa Japan zina chaja ya ndani ya kilowati 3 tu. Hata zikichomekwa kwenye chaja ya ukutani ya kilowati 22, hupokea kilowati 3.

Mdomo wa chaja usipolingana, safari imekwisha

Magari yanayoingia Afrika Mashariki yanatoka masoko tofauti na kila soko lina tundu lake. Gari la Japan huwa na CHAdeMO kwa kuchaji haraka na Aina ya 1 kwa kuchaji polepole. Gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na CCS2, ambayo hupokea pia Aina ya 2. Gari lililotengenezwa kwa soko la China huwa na GB/T. Anayepiga simu kwenye kituo asiulize tu kama kuna chaja. Aulize ina mdomo gani, ni ya kilowati ngapi, na kama inafanya kazi siku hiyo. Alama kwenye ramani ya simu haitoshi kuwa uthibitisho.

Adapta za kuchaji polepole ni rahisi na zinategemewa. Zile za kuchaji haraka ni ghali na si kila gari huzikubali, kwa hiyo zijaribiwe nyumbani kabla ya kutegemewa njiani.

Umeme wa lojingi

Katika sehemu kubwa ya ushoroba, msafiri atategemea soketi ya nyumba ya wageni. Kuna mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, makubaliano. Uniti 20 ni matumizi makubwa kuliko ya chumba cha kawaida kwa usiku mmoja. Mwenye nyumba aelezwe mapema na bei ikubaliwe kwa uniti au kwa usiku. Anayechomeka kimya kimya huwaharibia wanaokuja nyuma yake.

Pili, waya wa ardhi. Chaja za magari hupima kama soketi imeunganishwa na ardhi ipasavyo. Isipokuwa hivyo, chaja huwasha taa nyekundu na kukataa kazi. Nyumba nyingi za zamani zina kasoro hiyo, na jenereta ndogo pia. Fundi anayepima soketi kwa taa ya majaribio anaweza kusema umeme upo, na ukweli upo, lakini gari bado likakataa.

Tatu, ekstensheni. Waya mwembamba uliotengenezwa kwa redio au feni hauwezi kubeba kilowati 2 kwa saa 10. Huyeyuka na unaweza kuwasha moto. Msafiri awe na waya wake mnene, aufungue wote bila kuuacha umezungushwa, na aguse plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ni ya moto, achomoe.

Nne, umbo la plagi. Kenya na Uganda hutumia plagi ya pini tatu bapa, ambayo hutumika pia kwa wingi Tanzania. Rwanda na Burundi hutumia pini za mviringo. Adapta dogo la simu lisitumike kwa gari.

Vipande vya njia

Umbali ufuatao ni wa kukadiria:

Mombasa – Voi: km 155
Voi – Mtito Andei: km 97
Mtito Andei – Nairobi: km 235
Nairobi – Nakuru: km 160
Nakuru – Eldoret: km 155
Eldoret – Malaba: km 130
Malaba – Kampala: km 215
Kampala – Mbarara: km 270
Mbarara – Kabale: km 140
Kabale – Gatuna – Kigali: km 100

Chukua gari la uniti 64. Likitoka Mombasa limejaa, hufika Mtito Andei likiwa limetumia uniti 49, ndani ya akiba. Kutoka hapo hadi Nairobi linahitaji uniti 47 nyingine kwa sababu ya kupanda. Kwenye chaja ya haraka, huo ni mchana wa kusimama saa moja na ushei. Kwenye chaja ya ukutani ya kilowati 7 ni usiku mmoja. Kwenye soketi ya kawaida ni zaidi ya saa 20. Gari ni lile lile na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni soketi.

Leaf ya uniti 34 iliyotajwa juu ingefika Voi ikiwa imebakiza uniti 3 hivi. Gari la namna hiyo lisipangiwe safari ya Mombasa–Nairobi bila kituo cha uhakika kabla ya Voi.

Mpakani

Mipaka ya Malaba, Busia, Namanga, Holili–Taveta, Rusumo na Gatuna inatumia mfumo wa kituo cha pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Kwa upande wa hati, gari la umeme halina tofauti na gari lingine. Linahitaji kitambulisho cha umiliki, kibali cha muda cha kuingiza gari, na bima. Gari lisilo la dereva liwe na barua ya mwenye gari.

Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Lakini hiyo ni bima ya mtu wa tatu. Haimlipi mwenye gari kwa hasara ya gari lake. Kwa gari la umeme, betri peke yake inaweza kuwa sehemu kubwa zaidi ya thamani ya gari, hivyo bima kubwa iongezewe maandishi yanayotaja nchi za safari na kutaja betri.

Chaja ya kubebeka, nyaya, adapta na paneli za jua vitajwe kwa ofisa wa forodha wakati wa kuingia, ili visionekane kuwa bidhaa za kuuza. Mwenye gari aweke risiti pamoja na hati za gari.

Kutoka Uganda au Tanzania kuingia Rwanda, dereva hubadili upande wa barabara kutoka kushoto kwenda kulia.

Likikwama njiani

Gari la umeme lililoishiwa chaji lisivutwe kwa kamba. Magurudumu yanayozungushwa na mota yakiburuzwa chini, mota huzalisha umeme na inaweza kuungua. Gari libebwe juu ya lori. Namba ya simu ya mwenye lori la namna hiyo iwe kwenye simu ya dereva kabla ya safari.

Magari mengi ya umeme hayaji na tairi la akiba, bali dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo. Dawa hiyo haisaidii tairi lililopasuliwa na shimo. Tairi la akiba lenye saizi sahihi linunuliwe na kubebwa.

Aidha, gari la umeme lina betri ndogo ya volti 12 inayowasha mifumo. Ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Nyaya za kuunganisha zibebwe kama kwenye gari lolote.

Faida iko wapi

Tuseme petroli ni shilingi 180 za Kenya kwa lita na uniti ya umeme, pamoja na tozo, ni shilingi 30. Gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 linagharimu shilingi 1,440. La umeme, ukihesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji, huchukua uniti 20 kwenye mita, yaani shilingi 600. Akiba ni shilingi 840 kwa kilomita 100, au kama 4,000 kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Badilisha kitu kimoja: uniti iuzwe shilingi 60 kwenye chaja ya haraka. Akiba hushuka hadi shilingi 240 kwa kilomita 100, kama 1,170 kwa safari nzima. Dereva akilazimika kulala njiani kwa ajili ya kuchaji tu, chumba na chakula vimekula akiba yote, bado hujahesabu mzigo uliochelewa. Lakini dereva ambaye angelala hata hivyo, na ambaye lojingi yake ina chaja ya ukutani, anaibakiza yote.

Sera zimeanza kusogeza hesabu hizi. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Mwaka 2023 mdhibiti wa nishati, EPRA, aliidhinisha bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya tozo na kodi. Bei hiyo ni ya mita iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, si ya kila soketi. Rwanda iliondoa kodi kadhaa kwa magari ya umeme na vifaa vyake mwaka 2021.

Kwa sasa gari la umeme linafaa zaidi kwa safari za mpakani za kwenda na kurudi ambazo ncha moja ina chaja ya mwenye biashara mwenyewe: Kisumu–Busia, Arusha–Namanga, Moshi–Holili, Kigali–Gatuna. Nairobi–Namanga, kilomita 165 hivi, inafaa kwa gari lenye betri kubwa, mradi ikumbukwe kwamba kurudi ni kupanda. Mfanyabiashara anayekwenda njia moja kila wiki anaweza kuafikiana na nyumba ya wageni kuweka chaja ya ukutani na kugawana gharama. Kwa njia hiyo analipia uniti kwa bei ya mita, na usiku wake haupotei.

Kwa mzigo wenye saa ya kufika, kama samaki, maua au dawa, njia nzima ya Mombasa–Kigali ibaki kwenye gari la mafuta hadi chaja za haraka zipatikane kwa umbali usiozidi kilomita 150 kutoka moja hadi nyingine.

Kabla ya kuondoka

1. Angalia afya ya betri na piga hesabu ya kilomita halisi baada ya kutoa akiba ya asilimia 20.
2. Ongeza uniti 5 kwa kila mita 1,000 za kupanda.
3. Kwa kila kipande, andika soketi ya kwanza na ya pili, na uzipigie simu zote mbili.
4. Hakiki mdomo wa chaja na kasi ya chaja ya ndani ya gari.
5. Beba waya mnene, adapta za plagi na tairi la akiba.
6. Pata Kadi ya Njano na maandishi ya bima ya betri.
7. Weka namba ya lori la kubeba gari kwa kila nchi utakayopita.